Kliniki ya kisukari wanaangalia miguu na macho, mdomo nani anauangalia?

Ndugu Mhariri, salaam sana.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi hapa Tanga mjini, na gazeti lako nimelisoma tangu enzi za kulisubiri stendi lishushwe kwenye basi mpaka sasa hivi kijana wangu ananifungulia kwenye simu. Nina sukari, ile aina ya pili, huu ni mwaka wa 12. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua hii ni ndefu ila naomba msiikate, kila nikijaribu kuifupisha naona nimetoa kitu ambacho mgonjwa mwenzangu angekihitaji.

Kilichonisukuma ni ukurasa wenu wa afya. Kila ikifika Novemba 14, siku ya kisukari duniani, mnatuandikia vizuri tu, tukague miguu kila jioni, tusivae viatu vinavyobana, tukapime macho, figo, moyo, presha, tule dona tuache sembe, yote sawa na nashukuru kwa kweli. Alafu ikifika Machi 20, siku ya afya ya kinywa, mnaandika habari za mswaki na watoto wa shule na pipi. Nimengoja miaka yote hiyo nione hizo siku mbili zinakutana hata kwenye aya moja, sijaona. Na mimi ugonjwa wangu ulianzia mdomoni. Mate ndiyo yaliyoniacha kwanza, kabla ya miguu kuanza ganzi, kabla macho hayajaanza ukungu, na hakuna mtu aliyeniuliza.

Niwaeleze ilivyokuwa. Nilikuwa nafundisha darasa la saba, Kiswahili na sayansi, vipindi sita mpaka saba kwa siku, na mwalimu asiye na mate hana sauti, hilo mtu ambaye hajasimama darasani hawezi kulijua. Nikaanza kuona nikisoma kifungu cha habari hata nusu ukurasa sijafika ulimi unanata kwenye kaakaa, midomo inashikana pembeni, nameza na hakuna cha kumeza. Nikasema ni vumbi la chaki. Wenzangu ofisini nao wakasema chaki hiyo mwalimu, mwingine akasema ni joto, maana Januari ya Tanga mnaijua mliowahi kukaa huku. Basi nikawa natuma mtoto dukani aniletee soda ya baridi naiweka chini ya meza, nakunywa funda moja moja, ikiisha naagiza nyingine, kuna siku zilifika chupa tatu. Mdomo unapata nafuu dakika tano kumi hivi alafu unakauka kuliko mwanzo. Usiku naamka mara nne kukojoa na kila nikiamka nakunywa kikombe kizima cha maji ndio nirudi kulala.

Leo najua nilichokuwa najifanyia na kinaniuma mpaka kesho. Soda ya kola ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko 9 vya chai, kwahiyo mimi mgonjwa nisiyejijua nilikuwa natibu kiu ya sukari kwa kujiongezea sukari, ile sukari inanikojoza, kukojoa kunanikausha, kukauka kunanipeleka kwenye soda. Mduara huo niliuzunguka karibu mwaka mzima. Na nina hakika hivi unavyosoma kuna mtu yumo humo humo, dereva wa daladala ana chupa pembeni ya gia, mama lishe ana soda yake chini ya meza, anasema ni joto.

Ramadhani ya mwaka ule ndiyo ilitakiwa inishtue. Kila mwaka lazima mtu msikitini aulize, kumeza mate kunafunguza? Na shehe anajibu, mate yako mwenyewe yaliyomo kinywani hayafunguzi. Nilikuwa nimekaa nasikiliza swali lile nikagundua mimi tangu saa nne asubuhi sina mate ya kumeza hata nikiyatafuta. Nikajiambia ndio funga yenyewe hiyo. Lakini wenzangu nao wamefunga vilevile, wanasoma Kurani baada ya alasiri sauti zao ziko sawa, mimi kila aya ulimi unakwama. Jioni nikifuturu naweka tende mdomoni inakaa kama nta, haiyeyuki, mpaka niisukume na maji. Tende, Mhariri! Kitu ambacho mtoto mdogo anakimumunya.

Baadae nilianguka kizunguzungu shuleni wakanipeleka hospitali, kupimwa sukari ni 19 (milimoli kwa lita). Nikaanzishiwa metformini, vidonge vya kushusha sukari, nikapewa kadi, nikaingia kliniki kila mwezi.

Sasa hapa ndipo ilipo hoja yangu. Ile kadi ina sehemu ya uzito, ina presha, ina sukari, ina miguu, ina macho. Manesi wa pale ni watu wema sana na wanafanya kazi kubwa kwenye mazingira magumu, benchi linajaa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Ila miaka ile yote hakuna hata mara moja mtu aliyeniambia mwalimu fungua mdomo nione. Sukari ikashuka ikawa inacheza 8, 9, ile kiu ya kupitiliza ikaondoka, ukavu ukapungua lakini haukuisha, nami nikauzoea kama mtu anavyozoea kuishi karibu na reli. Mwaka wa nne meno yakaanza kuoza, na hayakuozea juu pale pa kutafunia kama ya watoto wanaokula pipi, yalikuwa yanaoza shingoni, pale jino linapoingia kwenye fizi, linakatika kama muhogo mkavu. Nikaenda dirisha la meno, wakang'oa. Baada ya miezi nikarudi, wakang'oa. Lile dirisha la meno liko kwenye uwanja huo huo wa hospitali na kliniki ya kisukari, unavuka tu pale penye mwarobaini, na kule nako hakuna aliyeniuliza kama nina sukari. Nilivuka ule uwanja mara nne na kadi yangu iko mfuko wa shati.

Mara ya tano nilienda kituo kingine nikamkuta dada mmoja tabibu wa meno, kijana tu. Akanisalimia shikamoo mzee wangu, akaingiza kile kioo kidogo mdomoni, alivyotaka kukihamisha kikang'ang'ania shavuni. Kikanasa. Akakivuta taratibu, akaniangalia, akasema mzee wangu mate yako yako wapi? Nikamwambia mie mate sina siku nyingi. Akaniuliza una sukari? Nikatoa kadi.

Akanipa kikombe kidogo akaniambia kaa hapa, usiongee, usitafune kitu, inamisha kichwa, mate yanayojikusanya yateme humu mpaka nikwambie basi. Dakika 10. Alafu akayavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano akasoma, hata mililita moja haikufika. Akanielezea kwamba mtu wa kawaida akiwa ametulia tu anatoa kama mililita 0.3 kwa dakika, kwahiyo kwa zile dakika 10 ningetakiwa nipate kama mililita 3, na ukishuka chini ya 0.1 kwa dakika hapo tezi zako kweli hazitoi. Nimefundisha sayansi miaka 30 na ushee na sikuwahi kujua kwamba mate yanapimwa. Kikombe na bomba, basi.

Kuanzia siku ile nimekuwa nasoma na kuuliza kila mtaalamu ninayemkamata, na ninachoandika hapa chini nimekihakikisha kwao, msione mwalimu anaropoka.

Mate hayatoki hivi hivi. Tuna tezi kubwa jozi tatu, ile kubwa kuliko zote iko mbele ya sikio, nyingine chini ya taya, nyingine chini ya ulimi, alafu kuna vitezi vidogo vidogo mamia vimetapakaa kwenye midomo, mashavu na kaakaa. Zote kwa pamoja zinatoa nusu lita mpaka lita moja na nusu kwa siku, na karibu asilimia 99 yake ni maji yaliyochujwa kutoka kwenye damu. Ile asilimia 1 iliyobaki ndiyo ina mambo, kuna kalsiamu na fosfeti za kuyajazia meno, kuna bikaboneti ya kupoza tindikali, kuna protini za kupigana na vijidudu, kuna ule ute unaotelezesha chakula, na kuna kimeng'enya cha kuanza kuvunja wanga. Walimu wenzangu mnalikumbuka lile jaribio, mwambie mtoto atafune ugali mkavu muda mrefu bila kumeza mpaka auone unakuwa mtamu. Mie nilikuwa siwezi tena kulifanya mbele ya watoto, ugali ulikuwa unabaki ugali.

Kisukari kinaingilia hapo kwa njia zaidi ya moja na ndio maana kushusha sukari peke yake wakati mwingine hakutoshi. Ya kwanza ni maji. Sukari ikipanda kupita kama 10 kwenye ile mashine yetu ya kutoboa kidole, figo zinashindwa kuirudisha yote, inamwagika kwenye mkojo na inaondoka na maji. Mwili ukikauka tezi zitatoa wapi mate, kisima kimekauka utateka nini. Hii njia ya kwanza ndiyo inayorekebika haraka, sukari ikishuka maji yanarudi na mdomo unalainika, na hata wahenga wa udaktari waliiona, kuna tabibu wa kale anaitwa Aretaeus wa Kapadokia, zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, alipoeleza ugonjwa huu alitaja mdomo kukauka mgonjwa akikosa maji. Yaani kabla ya kuwepo kipimo chochote cha damu mdomo ulishatoa taarifa.

Ya pili ni mishipa ya fahamu na hii ndiyo iliyonishika mimi. Tezi ya mate haina akili yake yenyewe, inangoja kuambiwa. Ukisikia harufu ya samaki anakaangwa, ukiona embe mbichi na chumvi na pilipili, ubongo unatuma taarifa kupitia mshipa wa saba na mshipa wa tisa ya kichwani, tezi zinapokea na mate yanajaa mdomoni kabla hata hujagusa chakula. Sasa sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu, ndiyo ile ile inayotupa ganzi na moto wa nyayo, na ile ya kuendesha mambo ya ndani bila sisi kujua, tumbo, mapigo ya moyo, jasho, nayo haisalimiki. Hiyo ya tezi ni mojawapo. Taarifa inatumwa haifiki, au inafika imefifia. Mimi nilikuwa napita pale wanapochoma mishikaki jioni, njaa ninayo, hamu ninayo, mdomo mkavu kabisa. Nilidhani ni uzee.

Ya tatu ni vile vimishipa vidogo vya damu. Tunaambiwa kila siku kisukari kinaharibu vimishipa vya jicho na vya figo, basi hata tezi za mate zinalishwa na vimishipa vya namna hiyo hiyo, kuta zake zinanenepa na nyama ya tezi yenyewe inabadilika. Wengine tezi inajaa mafuta na kuvimba, pande zote mbili, hapa chini ya masikio, bila maumivu na bila homa. Kliniki kwetu kuna mama mmoja mashavu yalimjaa hivyo, majirani wakamwambia ni matubwitubwi, akapakwa masizi na kila kitu. Matubwitubwi yanauma na yana homa na yanaisha kwa siku kadhaa, yale ya kwake yalikaa miezi. Mtu akiona hivyo asikae nyumbani, aende akaangaliwe, kwanza kuhakikisha sio kitu kingine, pili kupima sukari kama hajawahi kupima.

Na ya nne, ukishakuwa na sukari nyingi kwenye damu, na ile kwenye mate inapanda. Kwahiyo yale mate machache uliyobaki nayo ni mazito na yana utamu, fangasi wanakaribishwa. Ule utando mweupe kwenye ulimi unaochubuka, pembe za midomo kupasuka kila siku tunasema ni baridi au upungufu wa vitamini, ulimi kuwaka kama umelamba pilipili, wenye meno ya bandia kaakaa kuwa jekundu chini ya lile pleti. Nilikuwa na vitu vitatu kati ya hivyo kwa wakati mmoja na nilikuwa napaka mafuta ya nazi.

Niseme ukweli pia ili mtu asiogope bure, sio kila mwenye kisukari anakauka. Kuna wenzangu kliniki wana miaka 20 na mate yao yako vizuri, wengi wao ni wale wanaoitunza sukari yao. Na kuna mtu anahisi mdomo mkavu kumbe ukimpima mate yanatoka ya kutosha, na mwingine yamepungua sana na hajisikii chochote mpaka meno yaanze kukatika. Ndiyo sababu nang'ang'ania kwamba watu waulizwe na waangaliwe, yote mawili.

Alafu kuna ishu ya dawa, hii hata mimi ilinishangaza. Nilipoanza kulalamika miguu inawaka usiku nikapewa amitriptilini, na kwa kweli ilinisaidia nikapata usingizi, ila ni dawa inayojulikana kabisa kwa kukausha mdomo. Juu yake nina dawa ya presha ile ya kukojoza maji. Na mafua yakinishika najinunulia vidonge vya aleji dukani, navyo vinakausha. Kwahiyo tezi ambazo zilishachoka nimezibebesha mizigo mitatu mingine. Dada yule wa meno hakuniambia acha dawa, naomba hilo lisisomeke vibaya, mtu asiamke kesho akaacha dawa yake ya presha kwa sababu amesoma barua gazetini, aliniandikia kikaratasi nikampelekee daktari wangu wa kisukari, daktari akaangalia akapunguza dozi ya ile moja na akabadilisha muda wa nyingine. Ndani ya wiki tatu nikaona tofauti. Kikaratasi kimoja tu kimevuka uwanja.

Kuna jambo dogo la nyumbani nalo nilitaje kwa sababu lina madhara. Chakula kinapata ladha kikishayeyuka kwenye mate, bila mate ulimi hauonji vizuri. Mimi nilikuwa namlalamikia mama watoto kila siku chakula hakina chumvi, naongeza mezani, naongeza tena, naye akawa anaumia maana anapika vilevile alivyopika miaka yote na watoto wanakula wanasifia. Na mimi mtu wa presha. Siku nilipomwambia kumbe shida ni tezi zangu alikaa kimya muda, alafu akasema baba fulani, ungejua nilivyofikiri. Sasa anapika na ndimu kidogo, kitunguu saumu, bizari, na ananiwekea mchuzi mwepesi kwenye kila kitu, wali mkavu na mkate mkavu havipiti tena kwangu.

Kuhusu tiba za mtaani. Watu wananiambia nyonya ndimu, na ni kweli ndimu inaita mate, lakini mdomo usio na mate hauna wa kuipoza ile tindikali, jino linaanza kuyeyuka hali ya mdomoni ikishuka chini ya 5.5 kwa kipimo cha pH, kile cha kupimia ukali wa tindikali, na mtu mwenye mate yake inarudi juu baada ya muda, sisi inakaa chini kwa masaa. Ubuyu wa rangi ule umepakwa sukari. Pipi za kifua ni sukari. Juisi ya miwa hapana kabisa. Dafu lina sukari kidogo kuliko soda ila sio maji, usilinywe kama maji. Mirungi kwa vijana wetu inakausha mdomo vibaya sana na wanaisukumia na soda, huko sina hata la kuongeza. Ninachofanya mimi ni chupa ya maji ya kawaida, funda dogo kila mara na sio kugugumia lita nzima, bigijii isiyo na sukari baada ya kula kwa sababu kule kutafuna kunaziamsha tezi ambazo bado zina uhai, dawa ya meno yenye floraidi mara mbili na usiku sisukutui sana naacha kidogo ibaki, na wakati wa swala natumia mswaki wa mti kama tulivyolelewa. Wenye meno ya bandia wayatoe usiku wayaoshe. Wenye kufunga waongee na daktari wao kabla ya mwezi kuandama, sio mwezi ukishaanza.

Mhariri, mtu atasema mzee huyu analia na mate wakati watu wanakatwa miguu. Nimelifikiria hilo. Lakini mdomo mkavu unaweza kuchangia ugonjwa wa fizi, fizi zikioza mwili mzima unakuwa kwenye vita na sukari inagoma kushuka, na sukari ikigoma kushuka ndiyo inayokwenda kukata huo mguu. Hii imechunguzwa, uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotoka 2022 ulionyesha wagonjwa wa kisukari waliotibiwa fizi zao vizuri, kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c, kilishuka kwa wastani wa karibu asilimia 0.43 baada ya miezi 3 mpaka 4. Kwa asiyejua anaona ni kidogo, aulize daktari yeyote wa kisukari kama asilimia hiyo ni ndogo, kuna vidonge tunanunua kwa hela nyingi vinashusha sio mbali sana na hapo. Mimi mwenyewe nilisafishwa fizi, nikazibwa meno matatu ambayo yalikuwa njiani kung'olewa, na ile sukari iliyokuwa inacheza 8, 9 sasa asubuhi nakuta 6 na pointi, bila kuongezewa kidonge.

Na sisi sio wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 hapa Tanzania ulikuta karibu asilimia 9 ya watu wa umri wa miaka 25 mpaka 64 wana kisukari, na wengi tunagundulika kama mimi, tumeanguka. Fikiria wangapi kati ya hao walishapita dirisha la meno wakang'olewa wakarudi nyumbani na pamba mdomoni bila kutobolewa kidole.

Ninachoomba hakihitaji mashine wala mfadhili. Kule kliniki ya kisukari nesi akishaandika presha aulize, mdomo wako unakauka? unaweza kumeza mkate bila maji? usiku unaamka ulimi umenata? Alafu aseme fungua mdomo, amulike na tochi ya simu, nusu dakika. Akiona utando, fizi nyekundu, meno yanayokatika shingoni, amuandikie avuke uwanja. Na kule kwenye meno mtu mzima akija na meno yanaoza shingoni au fizi zinavuja damu kila mahali apimwe sukari kabla hajakaa kwenye kile kiti, kile kijiti cha kupimia bei yake haifiki bei ya kung'oa jino. Wizara waongeze mstari mmoja kwenye ile kadi. Mmoja tu. Wanaochapisha kadi hawatatumia wino wa kuwatia hasara.

Kwako Mhariri, Novemba hii inayokuja mkiandika tena miguu na macho, naomba mumtafute tabibu wa meno mmoja mumuweke meza moja na daktari wa kisukari muwaulize maswali ya wasomaji, na mkikosa maswali mimi ninayo daftari zima.

Kliniki yangu nyingine ni Jumanne ya wiki ijayo. Kadi yangu ya sasa imebakiza nafasi kidogo chini ya pale palipoandikwa miguu, jana usiku nimechukua rula na peni nyeusi nikapiga mstari, nikaandika KINYWA kwa mwandiko ule wa ubaoni. Nitamkabidhi nesi kama ilivyo nione ataandika nini.

Wako,
Mwalimu Mstaafu,
Tanga.